Rubani Lazima Awe Mfupi

Tarehe 9 Februari.
Miaka mitatu na miezi mitano tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu Pini,

Pokea salamu nyingi kuliko mizigo niliyoishusha wiki hii, na hizo si salamu haba. Mimi mzima. Chumbani tupo sita bado, ila yule fundi bomba anayekoroma amehamia kitanda cha juu yangu, kwa hiyo sasa ananikoromea kutoka mbinguni. Baridi ya ghalani imepungua kidogo. Nyapara hajapungua hata chembe. Mpe Baba shikamoo yangu, na umwambie kile kikohozi alichokisikia kwenye simu kilikuwa cha mwenzangu.

Sasa, habari yenyewe. Mwezi jana Baba alinisimulia tena siku ile ndege ya barua ilipokita pua kwenye tope pale kiwanjani, naye akaivuta kwa lori lake la mafuta na kamba moja. Hadithi hiyo naisikia tangu sijaota meno, na kila mwaka tope linazidi kina. Lakini safari hii alimaliza kwa kusema, "Laiti ningeiona tena mara moja." Baba hajawahi kusema laiti. Baba ni mtu wa "kwani wewe ulikuwepo?"

Neno hilo lilinikaa. Nyuma ya ghala letu kuna duka la mama mmoja anayeuza ndege na magari ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe kwa gundi. Watu wazima wanaingia humo kama wanaingia msikitini, wanatoka wamekumbatia maboksi. Nami nikaingia. Dirishani nikaona ndege ndogo ya injini moja, mabawa juu, ileile kabisa. Nikachukua. Nikachukua na lori la tangi, na pakiti ya watu. Nimepima maboksi yote matatu kwa shibiri yangu, yanalingana sawasawa, kwa hiyo vya ndani havitagombana. Wewe una mikono ya ufundi, viunganishe, mtengenezee Baba siku yake. Tope mtajua wenyewe.

Ndugu yako,
Kisigino


Tarehe 2 Aprili.

Mdogo wangu Kisigino,

Boksi lako limefika jana, limezunguka kuliko mchumba aliyekataliwa. Sisi wazima. Cherehani yangu inalia kama bata lakini inashona. Baba anakula, anatembea, anawatukana majirani kwa jina na kwa ukoo. Uliniuliza siku moja kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nikikuuliza unarudi lini, mtandao unakatika palepale. Karatasi haina mtandao.

Haya, vifaa vyako. Niliviunganisha kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, wateja wakakaa chini. Nilipomaliza nikampanga Baba mbele ya ndege, maana katika watu wako kuna mmoja mwenye kofia anayefanana naye kidogo kwa ukaidi. Baba akakichukua kile kisanamu, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, akakigeuza geuza.

"Huyu nani?"

"Wewe, Baba."

"Na hiyo?"

"Ndege."

"Mimi ni mrefu kuliko ndege?"

"Ndivyo mwanao alivyokununua."

"Sasa lori la nini? Si ningeibeba tu kwapani nikaenda nayo nyumbani!"

Alicheka mpaka akakaa. Na lori lako, bwana! Lori ni refu kuliko ndege nzima. Likiivuta hiyo ndege hata halitajua kama limefunga kitu nyuma.

Kisigino, sikiliza. Boksi ni karatasi tu. Kipimo kimeandikwa ubavuni, kwa tarakimu, na tarakimu ulifundishwa kabla hujatoroka shule. Ndege yako ni moja kwa sabini na mbili. Maana yake, ukipanga ndege kama hizo sabini na mbili kwa mstari, pua kwa mkia, ndipo unapata urefu wa ndege ya kweli. Lori ni moja kwa thelathini na tano. Watu ni moja kwa thelathini na mbili. Nikwambie kifundi: umemshonea mteja mmoja shati la mtoto mchanga na suruali ya baba yake, halafu unasema vitamkaa kwa kuwa vimetoka duka moja.

Kwa hiyo nenda kwa huyo mama, akupe vitu vya kipimo kimoja. Visiwe vidogo kama hiyo ndege. Baba anasema ni inzi. Anataka kukiona kiwanja kizima, ndege topeni, lori mbele, kamba katikati, nawe umesimama hapa unacheka. Hilo la mwisho nalo linahitaji tarehe.

Dada yako,
Pini


Tarehe 30 Aprili.

Dada Pini,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya aibu. Kumbe sabini na mbili ni ndogo kuliko thelathini na mbili! Mimi nilidhani namba ikikua na kitu kinakua. Ndivyo mizigo ilivyo huku: kikiandikwa sabini, mgongo unajua ni sabini. Usimsimulie mtu.

Tunaendelea vizuri. Fundi bomba amepewa mto mwingine, anakoroma kwa sauti mbili. Mimi naandika nimesimama, karatasi juu ya rafu, kama karani wa posta. Ni mazoea tu.

Nilirudi kwa mama wa duka. Ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani wa akiba. Nilipomweleza alinitazama kwa yote miwili.

"Ndege ya sabini na mbili, lori la thelathini na tano, watu wa thelathini na mbili. Ulitaka wapigane?"

"Maboksi yalilingana, mama."

"Viatu na keki navyo huwekwa kwenye maboksi yanayolingana. Ukifika nyumbani unavaa keki?"

Akaniweka kwenye kigoda akanifundisha. Anasema watengenezaji wa ndege wanapenda sabini na mbili, arobaini na nane na thelathini na mbili. Watengenezaji wa magari wao wanapenda thelathini na tano na arobaini na tatu. Hawajawahi kukaa kikao kimoja wakakubaliana, na kila mtu anayetaka ndege na gari mahali pamoja anateseka kwa ajili yao. Basi dawa ni kutafuta majirani. Arobaini na nane na arobaini na tatu ni majirani, tofauti yao haimchomi mtu jicho mradi usiwasimamishe bega kwa bega. Kilicho kidogo kiweke nyuma, mtu ataona kiko mbali tu. Na angalia sana mtu anayesimama karibu na mlango wa gari, maana jicho linakwenda pale kwanza: likiona hawezi kuingia, limeshajua umedanganya.

Kwa hiyo hii hapa ndege ya arobaini na nane, na rubani wake. Lori la tangi la arobaini na nane hakuna, nimechukua la chuma la arobaini na tatu, limekuja na dereva wake. Majirani. Wakigombana ni juu yenu.

Uliniuliza jambo jingine pale mwishoni, lakini karatasi imekwisha.

Kisigino


Tarehe 11 Julai.

Mdogo wangu,

Karatasi yako ilikuwa imebaki na nafasi ya kuegesha lori la kweli. Nimeiona. Na mwandiko wako sasa unalala upande mmoja kama mtu anayeegemea ukuta. Nao nimeuona. Sijasema kitu.

Hatujambo. Mvua imenyesha, paa la chumba cha nyuma limevuja juu ya suti ya bwana harusi, nimeikausha kwa pasi na maombi. Baba mzima.

Ndege imefika ikiwa na bawa moja limeng'oka, nimelibandika. Tope nimelitengeneza kwa unga wa mbao, gundi na rangi ya viatu. Limekuwa tope la kutukanwa kabisa. Na sasa nikupe kichekesho. Yule rubani wa arobaini na nane, ukimweka karibu na dereva wa arobaini na tatu, anamfikia kidevuni. Nikataka kumrudisha nyuma kama alivyosema mama wa duka, aonekane yuko mbali. Baba akanishika mkono.

"Mwache hapohapo."

"Baba, vipimo havilingani. Anaonekana mfupi."

"Alikuwa mfupi! Miaka yote nawaambia yule bwana alikuwa mfupi, mnasema nina wivu. Alikaa juu ya bawa anakula ndizi, mimi navuta, na miguu yake haikufika hata dirishani. Huyo mama wa duka anawajua watu!"

Kwa hiyo rubani ni mfupi, na ni sheria.

Lakini Baba anasema bado ni kidogo. Juzi alitaka kubandika gurudumu mwenyewe, akalibandika kwenye bawa. Akasema plastiki za siku hizi ni ovyo. Nililing'oa alipokwenda kuoga. Nimefikiri hivi: lile lori lako la kwanza la thelathini na tano na wale watu wa thelathini na mbili bado ninao kabatini. Nao si majirani? Kinachokosekana ni ndege ya thelathini na mbili tu, na rubani wa thelathini na tano ili abaki mfupi. Vingine vyote vipo. Yaani ulikosea vizuri, ukakosea mapema tu.

Ukiweza, fanya haraka. Wala hakuna sababu. Fanya haraka tu.

Na tarehe, Kisigino. Miezi ina namba, siku zina namba, chagua.

Pini


Tarehe 23 Agosti.

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, na ukiniuliza mara nyingine nitakuwa mzima vilevile.

Sasa niseme kweli. Mnadhani mimi nina kiwanda? Kwanza inzi, halafu ndogo, sasa mnataka ndege pana kuliko kiuno cha nyapara wangu. Mkipata hiyo mtaniambia nilete ya kupanda. Mama wa duka akiniona sasa anavua miwani yote miwili kabisa. Wenzangu chumbani wananiita Shirika la Ndege. Jana fundi bomba aliniuliza kama kuna nafasi ya dirishani.

Na Baba anabandika gurudumu kwenye bawa! Mnunulie mzee miwani, Pini, halafu mtaona hata ile ya kwanza ilikuwa kubwa. Mtu akishindwa kuona sufuria hatununui sufuria kubwa.

Lakini nimenunua. Hii hapa, thelathini na mbili, mabawa nimeyafunga kwa fulana zangu yasing'oke. Pakiti ya watu wa thelathini na tano ni ya rubani tu. Waliobaki wape kazi, wasukume.

Habari ya tarehe. Unanibana kama kola ya shati jipya, basi nikujibu. Niliondoka nikiwaambia watu wote, na wewe unakumbuka nilivyosema kwa sauti, kwamba nitarudi na gari langu mwenyewe nikilipigia honi kuanzia kona ya kinyozi. Sina gari. Nina fulana, na mbili nimezifungia ndege. Mkono mtupu haulambwi. Nikipata cha kuja nacho, nitakuja. Nisingependa kuulizwa tena.

Kisigino


Tarehe 19 Oktoba.

Mdogo wangu,

Ndege imefika nzima. Fulana zako nimezifua na kuzitia viraka, zilikuwa na hali ya kusikitisha. Sisi hatujambo.

Kuhusu miwani, tunakushukuru kwa ushauri.

Kiwanja kinakaribia. Lori lipo mbele, ndege pua topeni, rubani mfupi juu ya bawa. Ndizi nimemchongea kwa kijiti cha kiberiti. Bado kamba. Nilianza na uzi wa cherehani, ukawa kama unywele, maana kamba nayo ina kipimo chake. Nikasuka nyuzi nne pamoja. Baba aliufuata ule uzi kwa kidole gumba, polepole, kuanzia ndoano ya lori, akapita kwenye tope, mpaka kwenye gurudumu la ndege. Akasema, "Hapa. Hapa ndipo fundo lilipokuwa. Sogeza." Nikasogeza. Akaufuata tena kutoka mwanzo. Amekaa na kazi hiyo asubuhi nzima, sijapata kumwona ametulia hivyo.

Usihangaike na rangi tena. Ile nyekundu ya lori uliyosema kwenye simu kwamba unaitafuta, acha. Ukipata kitu, tafuta magurudumu yenye mifereji ya kweli, ya mpira, na panga la mbele linalozunguka. Vitu vya namna hiyo. Na umuulize huyo mama kama kipo kipimo kikubwa kuliko hiki.

Baba ananitajia la kuandika, naandika neno kwa neno: "Mwambie Kisigino kazi kwanza. Asije mbio. Hapa hakuna lililoharibika." Mwisho wa kunukuu. Kalamu ni yangu, maneno si yangu.

Langu ni moja. Unasema mkono mtupu haulambwi. Baba si paka. Hajawahi kuulamba mkono wako hata ulipokuwa na kitu.

Pini


Tarehe 16 Novemba.
Miaka minne na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu Pini,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani, na paa. Fundi bomba anawasalimu, amenisaidia kufunga boksi na ameacha alama ya kiatu juu yake.

Nilikwenda kuuliza ulichoniagiza. Mama wa duka akasema kipo cha ishirini na nne, tena cha thamani. Kisha akaniuliza, "Anayetengeneza nyumbani ni dada yako. Anayetazama ni nani?" Nikamwambia ni baba yetu. "Na kila mara anataka kikubwa zaidi?" Nikasema ndiyo, mzee msumbufu. "Na sasa hataki rangi?" Nikamsomea barua yako, pale kwenye uzi. Mama akavua miwani ya machoni, akaifuta kwa muda mrefu, na mimi nikabaki namtazama kama mwehu. Mtu anayeona, Pini, hafuati kamba kwa kidole.

Nilirudi chumbani nikazitoa barua zako zote. Mlangoni penye mwanga. Inzi. Gurudumu kwenye bawa. Fanya haraka, hakuna sababu. Na mimi nikakujibu mnunulie miwani! Ungenitukana ningestahili, ila najua alikukataza. Ninamjua. Alikuapisha, wewe ukaona kiapo hakikutaja ndege, ukawa unanipigia kelele kwa namba. Sabini na mbili, arobaini na nane, thelathini na mbili. Mimi nikadhani mnataka makuu.

Sasa na mimi nitoe langu tuwe sawa. Naandika nimesimama kwa sababu nikikaa mgongo unanifunga kama kisu cha kukunja. Ni tangu Aprili. Nyapara ananipa mizigo ya juu, ile myepesi, na huruma ya nyapara ni mbaya kuliko matusi yake. Wewe umeficha macho, mimi nimeficha mgongo, Baba amejificha mwenyewe. Ukoo wetu ni kama boksi lililouzwa na vipande pungufu, na kila mmoja amekalia kimoja.

Nilimuuliza mama wa duka kipimo kikubwa kuliko vyote ni kipi. Akasema ni moja kwa moja, ila hicho hakiuzwi humu. Nikasema hicho ninacho.

Nimemwambia nyapara naondoka. Akauliza kama nimepata kazi bora. Nikamwambia ndiyo, nakwenda kuvuta ndege kutoka topeni. Akaandika sababu za familia.

Gari sina. Nakuja na magurudumu ya mpira yenye mifereji, Baba apitishe kidole, na panga linalozunguka. Begani begi, mgongo umepinda kidogo, kwa hiyo vipimo vyangu si vile mlivyonipima nikiondoka. Huenda sasa ninalingana na rubani. Asiponiona, atanishika. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini unashikika.

Usimwambie kwamba najua. Nataka nifike nimsikie akinidanganya kwamba nimenenepa.

Na ile kamba usiimalize. Upande wa lori funga wewe. Upande wa ndege acha ncha wazi, nitafunga mimi fundo lile, yeye akielekeza na kunitukana, maana ndiye aliyekuwepo. Mwenzangu wa ghalani ananipa nafasi kwenye lori lake, anapita njia ya kwetu na mzigo wa mwisho wa mwaka. Nimemwomba apige honi kuanzia kona ya kinyozi, hata kama si langu. Natarajia kuwa mlangoni tarehe 4 Januari, njia ikiwa mbaya basi tarehe 5.

Kisigino